Ndevu za nusu inchi

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi hapa Columbus, Marekani. Mzee wa kiti cha pili, Mmarekani mweusi, Mwislamu aliyewahi kufungwa, akamwambia kinyozi: "Niachie nusu inchi, ile ya mahakama."

Alikuwa akiitaja kesi ya Gregory Holt. Huyo, kwa jina la Kiislamu Abdul Maalik Muhammad, mfungwa wa Arkansas, aliomba afuge nusu inchi tu. Gereza likakataa: ataficha kitu ndevuni. Ilhali mwenye maradhi ya ngozi aliachiwa robo inchi, na nywele za kichwani hakuna aliyelazimishwa kuzimaliza! Holt akaandika ombi lake kwa mkono, na 2015 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani wakampa haki.

Nilitoka pale na wivu.

Najua mtakaloniambia: "Kaona theluji mara mbili, sasa atufunza." Sijaja kuwasifu Wamarekani. Mwaka 1987 mahakama hiyohiyo iliwanyima wafungwa wa New Jersey swala ya Ijumaa. Holt mwenyewe aliokolewa na sheria ya Bunge ya 2000, si Katiba yao. Na 2019 Domineque Ray, mfungwa Mwislamu aliyehukumiwa kifo, aliuawa huko Alabama, imamu wake akitazama nyuma ya kioo, kwa sababu kanuni iliruhusu kasisi wa gereza pekee, naye Mkristo.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 yawashinda. Kifungu cha 32 chatoa uhuru wa kuabudu. Cha 51 chasema aliyezuiliwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizowezekana akiwa kizuizini. Na cha 24 chamtaka anayeibana haki ndiye athibitishe sababu. Anayebana, jamani, si mfungwa!

Wivu wangu basi ni wa ile karatasi ya mkono. Mtu yuko ndani, hana wakili, akajua kuna mlango wa kugonga, akaugonga. Sisi watu wa Kisauni, Mombasa, tukienda kuona ndugu jela huuliza anakula nini, analala wapi. Sijamsikia mtu akiuliza kama anaswali Ijumaa.

"Mtu hana blanketi, wewe watuletea ndevu?" Ndiyo, nawaletea. Binamu yangu alikaa rumande miezi 11 bila kuhukumiwa, akanyolewa siku ya kwanza. Habari za blanketi aliacha kuzisema mapema. Ndevu alizitaja hadi kwenye harusi ya dadake, machozi yanamlenga. Kifungu cha 51 hakuna aliyemsomea. Mimi, niliyekuwa chuo wakati ule na Katiba ninayo mezani, nilimpelekea sabuni na sukari.