Msiikimbize 9.3x62

Msimu wa kuwinda ukikaribia, hoja ileile hufufuka: eti ukijaza risasi zako mwenyewe (fataki, baruti na kichwa kipya kwenye ganda lililokwisha kupigwa) unaweza kuifikisha 9.3x62, risasi ya wanyama wakubwa yenye kichwa cha kipenyo cha milimita 9.3 na ganda la milimita 62, mahali ilipo risasi yenye nguvu zaidi, .375 H&H. Mtu anataja kwa fahari mita 760 kwa sekunde, mwingine anajibu 770, kichwa, yaani kile kipande kinachoruka, kikiwa kilekile cha gramu 18.5, na wote wanapongezana. Mimi hoja hii inaniudhi. Risasi hii imedumu zaidi ya miaka mia kwa sababu ya ile akiba ya shinikizo ambayo aliyeibuni aliiacha bila kuitumia, na hawa wanashindana kuimaliza.

Tuanze na Otto Bock. Alikuwa fundi bunduki wa Berlin, na mwaka 1905 aliwatengenezea risasi hii walowezi wa Kijerumani waliokuwa Afrika, wakiwemo wale wa huku kwetu enzi nchi ikiitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Shida yao ilikuwa wazi. Bunduki za Kiingereza za mitutu miwili ziliweza kumwangusha nyati, lakini bei yake haikuwa ya mkulima aliyetoka kufyeka shamba. Mauser ya 8x57 ilikuwa nafuu na imara, ila ilikuwa ndogo kwa mnyama anayegeuka na kukujia. Bock akachukua Mauser 98, bunduki ya bolti, kama ilivyo, bila kurefusha mtambo wala kuchonga magazini, akauliza ni risasi gani kubwa zaidi inayoweza kuingia humo vizuri. Jibu likawa ganda la milimita 62, na risasi nzima isiyozidi milimita 83.6. Tano zinakaa kwenye magazini.

Halafu tazama hesabu ambayo watu wanaipita. Chukua uzito wa kichwa kwa ratili, uugawe kwa mraba wa kipenyo chake kwa inchi. Kichwa cha 9.3 cha greni 286, ndizo zile gramu 18.5 (ratili moja ni greni 7,000), kinatoa 0.305. Kichwa cha .375 cha greni 300 kinatoa 0.305. Kwa kupenya nyama na mfupa, vichwa vya muundo mmoja vikifika kwa kasi inayokaribiana, hapo hakuna mkubwa wala mdogo. Holland & Holland walileta .375 mwaka 1912, risasi nzuri sana, lakini ganda lake refu lilihitaji mtambo mrefu, na mtambo mrefu ulikuwa na bei yake. Bock alikuwa ameshafika karibu na hapo miaka saba kabla, kwa bunduki ya mtu wa kawaida.

Kwa hiyo anayesema 9.3x62 "inahitaji kusaidiwa" aniambie inasaidiwa kufanya nini.

Ukiitoa kichwa cha gramu 18.5 kwa mita 720 kwa sekunde, una jouli karibu 4,800. Ukiisukuma hadi 760 unapata asilimia kama 11 zaidi. Ukisahihisha shabaha ya bunduki ipige palepale unapolenga kwenye mita 100 kwa risasi zote mbili, tofauti ya kushuka kwenye mita 200 ni sentimita tatu hivi. Sentimita tatu! Hakuna mwindaji aliyesimama kwenye nyasi, anapumua kwa nguvu, fimbo tatu za kuegemezea bunduki zikiwa zimekaa vibaya, anayeweza kuziona sentimita hizo. Na ili uzipate, shinikizo kwenye chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, halipandi kwa asilimia 11. Ukifika karibu na kikomo, baruti kidogo tu huongeza kasi kidogo na shinikizo kwa wingi.

Tatizo lenyewe ni joto, na hapa nitakaa kidogo.

Risasi ikilipuka, ganda la shaba linatanuka hadi kugusa ukuta wa chemba, linaziba gesi, kisha linarudi nyuma kwa kiasi kidogo sana. Kurudi huko ndiko kunakofanya bolti, kile kifungio cha nyuma ya chemba, ifunguke kwa vidole viwili. Shinikizo likizidi uwezo wa shaba, ganda halirudi. Linabaki limeshikana na chemba, na kilichobaki ni kucha ya bunduki kuling'ang'ania ukingo na kulivuta kwa nguvu za mkono wako. Kucha ya Mauser 98 ni pana na inashika tangu risasi inapotoka magazini, ndiyo maana watu wameiamini muda mrefu, lakini hata yenyewe inaweza kurarua ukingo. Sasa chukua risasi iliyojazwa na kupimwa Ulaya ya kaskazini mwezi wa Novemba, nyuzi joto mbili au tatu. Pale bolti ilifunguka vizuri. Ilete Rufiji mwezi wa Septemba, iache juu ya dashibodi ya Land Cruiser saa saba mchana, kisha iingize kwenye mtutu ambao umebebwa juani tangu asubuhi. Baruti nyingi huwaka kwa ukali zaidi zikipata joto, na zile zenye nitroglisarini nyingi mara nyingi ndizo zinazobadilika zaidi. Risasi iliyokuwa kwenye ukingo kule inavuka ukingo huku. Risasi ya pili ndiyo unayoihitaji mnyama akishajeruhiwa, na bolti haifunguki.

Waliounda risasi za zamani kwa ajili ya nchi za joto walilijua hili. Ndiyo maana .416 Rigby ya mwaka 1911 ina ganda kubwa kuliko unavyotarajia: baruti ya kordaiti ya wakati ule ilikuwa kali kwenye joto, wakaipa nafasi kubwa ili shinikizo libaki chini. Ndiyo maana .375 ina bega lililolala, pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, linaloteleza kuingia chembani. Nafasi ile unayoiona tupu imewekwa kwa makusudi.

Wengine husema, "Lakini sioni dalili zozote za shinikizo." Dalili zipi? Wengi husubiri alama ya kung'aa kitakoni, pale shaba inapoingia kwenye tundu la pini ya kurushia ganda. Mauser 98 haina pini hiyo. Ganda hurushwa na ubao mwembamba uliosimama upande wa kushoto, unaopita kwenye mpasuo wa bolti, kwa hiyo alama hiyo huwezi kuiona hata ukiwa umepita kikomo mbali. Fataki iliyobapaa nayo haitoshi, kwa sababu fataki laini hubapaa mapema na ngumu hukaa na umbo lake hadi mambo yameharibika. Kinachosema kweli ni kipima kasi. Kama mwongozo wa mtengenezaji wa baruti unasema mtutu wako utoe mita 720 na wewe unaona 750, shinikizo la ziada lipo, iwe ganda linaonyesha au halionyeshi. Cha pili ni tundu la fataki: ukijaza ganda mara ya tatu na fataki mpya ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba tu, lile ganda limekwisha, na kilichozidi ni ujazo wako.

Kichwa chenyewe nacho kina la kusema. Vichwa vingi vya kawaida vya 9.3, madini laini ya risasi ndani na koti la shaba nje, viliundwa kufunguka vizuri kwenye kasi ya 9.3x62. Ukiviharakisha, kwenye mita 40 vinaweza kupasuka kabla ya kufika kunakohitajika, na bega la mnyama linajaa damu iliyoganda. Waswidi wanaowinda paa wakubwa wa msituni kwa risasi hii wanaijua faida yake: nyama haiharibiki sana.

Basi kujaza mwenyewe kuna kazi gani? Kuna kazi kubwa, na si geni kwa watu wa huku. Anayejua gobore anajua baruti, fataki na kushindilia, na anajua kwamba mkono uliokosea hauna wa kulaumiwa. Kazi ya kujaza 9.3x62 ni kuifanya ikae sawasawa na bunduki yako moja, na kuiweka hai pale dukani inapokosekana.

Pa kuanzia ni bega la ganda. 9.3x62 haina mkanda wala ukingo uliotokeza, inasimama chembani kwa bega lake. Maelezo yanayokuja na daizi nyingi, zile kalibu za kurudisha ganda kwenye umbo lake, yanakuambia uishushe hadi iguse kishikio cha ganda kwenye presi, halafu uongeze robo mzunguko. Ukifanya hivyo kwenye chemba iliyochongwa kwa ulegevu, unalisukuma bega nyuma kupita kiasi. Kila unapopiga, ganda linanyooka kujaza nafasi, na linanyooka mahali pamoja tu, milimita chache juu ya kitako. Hapo shaba inakonda. Pima ganda lililopigwa kwenye bunduki yako kuanzia bega, kisha rekebisha daizi hadi bega lirudi milimita 0.05 tu. Bolti ifunge bila kulazimishwa, basi.

Na kila baada ya kupiga, tumia waya. Chukua waya mgumu wa unene wa spoku ya baiskeli, unoe ncha, uikunje kama kidole cha milimita mbili. Ingiza kupitia shingoni hadi kitakoni, kisha uivute juu taratibu ikikwaruza ukuta wa ndani. Ukuta mzima unahisi mteremko laini. Uliokonda unahisi mfereji, ncha inanasa kidogo kisha inapanda. Ukihisi mfereji huo, liponde ganda kwa koleo lisirudi kwenye boksi kwa bahati mbaya. Mstari unaong'aa nje ya ganda ni dalili ya baadaye sana.

Urefu wa ganda usizidi milimita 62.0, kata hadi 61.8. Lililorefuka hubana kichwa kwenye mwanzo wa mtutu na shinikizo hupanda bila baruti kuongezeka hata chembe.

Baruti za mwendo wa kati ndizo zinazofaa, mfano Vihtavuori N140 au Reloder 15. Ganda lina mililita tano hivi, na kwa vichwa vizito baruti hizi hulijaza karibu hadi shingoni. Hiyo ni salama kwako: ukiweka kipimo mara mbili kwa kusahau, baruti inamwagika mezani unaiona. Anza asilimia 10 chini ya kikomo cha mwongozo, panda kidogo kidogo, na ukifika kwenye kasi ya kiwandani simama hapo hata kama mwongozo una nafasi zaidi. Kisha ziache risasi tano kwenye gari lililofungwa juani, zipige mara moja kwenye kipima kasi. Zikipanda sana kuliko zile za kivulini, punguza au badilisha baruti.

Shingo ikishika kichwa kwa ulegevu, mateke ya bunduki hukisukuma ndani zaidi risasi zikiwa bado magazini. Jaribio lake ni rahisi: weka alama risasi ya chini kabisa, piga nne za juu, kisha ipime kwa kalipa. Ikiwa imefupika, kitufe cha kupanulia shingo ni kikubwa mno, kipunguze kwa sehemu ya mia ya milimita kwa wakati.

Maganda ya .30-06 hutumiwa maganda halisi yakikosekana, na inawezekana. Lakini kitako chake ni chembamba kidogo, milimita 11.96 dhidi ya 12.10, kwa hiyo linavimba juu ya ukingo, na bega lake liko nyuma zaidi. Lazima utanue shingo kwanza, kisha ushushe daizi taratibu hadi bolti ifunge kwa kubana kidogo, ili ganda lisimame juu ya bega hilo la muda. Ukilitanua tu na kulipiga, litanyooka vibaya mara ya kwanza. Kwa nyati usitumie haya. Nunua maganda ya Lapua au Norma.

Nakubali kwa shingo upande kwamba risasi nyembamba ya 6.5 Creedmoor ya 2007 ni bora kwa mita 400 uwandani, ingawa 6.5x55 ya Waswidi ya mwaka 1894 hukaribia hapo. Nakubali pia kwamba sheria za nchi nyingi za Afrika huweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari, na sheria haijadiliwi porini. Na W.D.M. Bell, yule mwindaji mashuhuri kutoka Uskoti, aliwaua tembo Karamoja, Uganda, kwa risasi ndogo ya 7x57, lakini yeye alikuwa Bell.

Mwenye bunduki ya kabla ya Vita vya Kwanza asijaze hata moja kabla ya kupima. Mafundi wa wakati ule walichonga chemba kila mmoja kwa mkono wake. Sukuma donge la madini laini ya risasi mtutuni ulipime kwa mikromita, chukua umbo la chemba kwa kumwagia madini ya kuyeyuka, na fundi akague makufuli ya bolti. Kwa bunduki hizo hata mita 720 ni nyingi, 680 inatosha.

Na kila boksi libandike karatasi: kichwa, baruti, uzito wake, fataki, ganda limepigwa mara ngapi, tarehe, na joto la siku ile uliyoipima.