Lita Nne za PEG au Chupa Mbili za Fosfeti?

Mgonjwa anayetoka Siaya au Vihiga kuja Kisumu kupimwa utumbo mpana kwa kamera huuliza mapema: lazima ninywe lita 4 zote za dawa ya kusafisha utumbo? Hapana dawa ya kidogo? Si swali la kijinga. Glasi ya mililita 250 kila dakika 15, kwenye ploti ambayo wapangaji wote wanagombania choo kimoja, ni kazi ngumu. Anayeshindwa katikati huja na utumbo wenye tope la kahawia, na polipu bapa, vinyama vinavyoota kwenye ukuta wa utumbo, hujificha humo humo.

Lakini utando wa utumbo nao una neno. PEG (polyethylene glycol), dawa ya hizo lita 4, haifyonzwi wala haichachushwi na bakteria, na chumvi zake zimepimwa zisivute maji upande wowote. Hupita tu, ikibeba uchafu. Fosfeti ya kunywa, mililita 45 mara mbili, ni chumvi kali inayovuta maji ya mwili kupitia ukuta wa utumbo. Kwa baadhi ya watu huacha vidonda vidogo vya juujuu, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, mara nyingi kwenye rektamu, yaani mwisho wa utumbo mpana, na sehemu iliyo juu yake. Hupona vyenyewe. Shida ni kwa anayevisoma: vinafanana na mwanzo wa ugonjwa wa Crohn, uvimbe wa kudumu wa utumbo, na huku kwetu daktari atawaza pia amiba na TB ya utumbo. Mgonjwa aliyekuja kwa kuhara anaweza kuanzishiwa tiba ya kidonda kilicholetwa na dawa ya jana usiku. Fomu inayokwenda maabara na kipande cha nyama kilichokatwa utumboni iandikwe dawa aliyosafishiwa.

Figo ni hoja nzito zaidi. Fosfeti huweza kuganda na kalisi ndani ya mirija yake. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali juu ya hilo. Mzee wa presha anayemeza losartan, na diclofenac kwa ajili ya mgongo, asipewe fosfeti kabisa.

Dawa ya tatu, pikosalfeti yenye magnesi, ni nyepesi kunywa, pakiti 2 tu, ila nayo huweza kuacha vidonda vya aina hiyo. Tena anayeifuatisha maji matupu mengi hushusha sodiamu mpaka achanganyikiwe. Abadilishe maji hayo na supu iliyochujwa. Ipo pia PEG ya lita 2 yenye vitamini C, lakini upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, si adimu kandokando ya ziwa, na wenye upungufu huo wanaweza kuvunjikiwa chembe za damu.

Kwa hiyo mimi nabaki na PEG, ila igawanywe. Lita 2 jioni, lita 2 zikibaki masaa manne hadi sita kabla ya kipimo, na ya mwisho iishe masaa mawili kabla. Anayetoka mbali apangiwe saa nane mchana: afike mapema, anywe nusu ya pili pale pale hospitalini kuanzia saa mbili asubuhi, asiinywe ndani ya matatu. Iwekwe kwenye friji, inywewe baridi. Asitie sukari wala soda. Sukari husaidia sodiamu kufyonzwa na huwapa bakteria chakula cha kutengeneza gesi. Strungi, chai isiyo na maziwa, ruhusa. Managu na mapera yenye mbegu aache siku tatu kabla, vidonge vya madini ya chuma wiki nzima. Na enema ya maji ya sabuni, yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, ambayo bado wengine hujiongezea nyumbani "kuhakikisha", huunguza utando kuliko zote hizi.