Joho la Ami Nalo ni Ushoni wa Jadi

Wiki iliyopita niliitwa Shela, kijiji kilicho karibu na mji wa Lamu, kwenye nyumba moja ya wageni inayotengenezwa upya, nikapime viti. Kazi yangu ndiyo hiyo: mapazia, mito na kuvisha viti. Mezani nikakuta vipande vya kitambaa cha sufu nzito, vizuri kwelikweli. Kimoja kimefumwa mifupa ya samaki, kingine cha kijivu kina mistari kama ya chaki. Mbunifu akanieleza kuwa wazo lake amelitoa kwenye ushoni wa jadi. Nikamuuliza, jadi ya nani? Akasema ya suti, ya mafundi wa Savile Row, London.

Nilirudi mjini na neno lile limenikaa kooni. Kitambaa kinaingia nyumba ya Waamu, chini ya boriti, mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na ushoni wa jadi uliokumbukwa ni wa London!

Suti sina ugomvi nayo. Mifupa ya samaki ni ufumaji wa akili: mshindio, uzi unaokingama, unaruka nyuzi za mtande, zile za urefu, kwa zamu, mshazari unapanda kisha unageuka, na kitambaa kinatoka kizito, kinastahimili kukaliwa. Hilo nakubali, ingawa kwa shingo upande.

Ami yangu alikuwa fundi wa kanzu na majoho mtaani Langoni, mjini Lamu. Joho lake mwenyewe ninalo mimi. Usiku ule nililitoa sandukuni nikalifunua sijafu ya mkono. Nje weusi umefifia, umekaribia rangi ya kahawa. Ndani, pale jua halikufika, bado ni mweusi kabisa, na vinyweleo vyake vimelala upande mmoja. Ukingo umekatwa tu kwa mkasi, haukupindwa, na miaka yote hiyo hakuna uzi hata mmoja uliochomoza. "Nguo hini haifumuki, mwanangu," alikuwa akiniambia, huku akinishikisha nijaribu kuivuta. Haifumuki kwa sababu ni sufu iliyokwisha kufumwa ikaloweshwa na kupondwa mpaka nyuzi zikashikana. Hata neno joho asili yake ni Kiarabu, na huko ni jina la kitambaa hicho cha sufu. Bushuti, vazi lingine la kuvaliwa juu ya kanzu, nayo ni sufu. Basi asiniambie mtu kuwa sufu ni ngeni pwani, au kwamba joto letu haliitaki. Sufu hunywa unyevu hadi asilimia 30 hivi ya uzito wake kabla hujauhisi mkononi, na unyevu ndio tulio nao hapa mwaka mzima. Nondo ni tatizo la kweli, hilo sina jibu lake ila kupiga brashi na kuanika.

Ningepewa mimi kitambaa hicho nikibuni, ningeanzia kwenye kanzu. Kanzu haikatwi kwa kuufuata mwili. Badani mbili, vile vipande vikubwa, zinashuka wima, mbele na nyuma. Taharizi, vipande vya kupanulia, zinaingia ubavuni, nyembamba juu, pana chini. Kikwapa kinakaa chini ya mkono ili mkono uinuke bila kuivuta nguo yote. Huo ni mchoro tayari! Fuma sufu nyeupe isiyotiwa rangi, badani na taharizi zikifuatana upana mzima wa kitambaa. Mipaka yake usiitie rangi. Geuza mshazari tu, hapa uelekee kulia, pale kushoto, ili mwanga wa dirishani ndio uonyeshe mshono, kama unavyouona kwenye kanzu nyeupe mtu anapotoka msikitini na jua la Ijumaa. Ukitaka pambo, tia uzi mmoja wa hariri kwa ajili ya tarizi ya shingo. Mmoja unatosha.

Vito vya kofia naomba viachwe. Kila anayetaka kitu cha Lamu hukimbilia kuvichapa kwenye mto, na kito ni tundu lililozungushiwa uzi kwa sindano, tundu baada ya tundu, kwa wiki nyingi. Kikichapwa kinabaki doa.

Na wa kufuma wapo. Nanyuki kina mama wanasokota na kufuma sufu kwa mkono tangu miaka ya 1970. Hapa kwetu, Wareno walipofika waliziandika nguo za hariri zilizofumwa Pate. Tulikuwa wafumi kabla hatujawa watu wa kuuziwa kwa mita.

Yule mbunifu ni mtu mwema, na sidhani alikusudia kutudharau. Hakuna aliyemwonyesha, na mimi ni miongoni mwa ambao hawakumwonyesha. Nimevisha viti vya Shela miaka mingi kwa vitambaa nilivyoletewa, sikuwahi kufungua mdomo.

Jumatatu narudi kumalizia vipimo. Joho la ami nimelikunja, nimelitia ndani ya mfuko pamoja na futi na chaki.