Sasisho Likigoma, Tusikimbilie Kupiga Windows Upya

Kompyuta ikikataa kupokea sasisho la Windows, mafundi wengi wana jibu moja tu: "Hii tupige Windows upya," yaani diski ifutwe na mfumo uwekwe mpya. Mara nyingi jibu hilo hutoka kabla fundi hajausoma hata ujumbe ulioko kwenye skrini. Mimi naipinga tabia hii waziwazi, kwa sababu nimeona inavyowapotezea watu kazi zao za miaka: picha za familia, hesabu za duka, tasnifu iliyobakiza sura moja tu. Na kwa wengi wao tatizo lilikuwa dogo, lilitaka mtu wa kusoma namba.

Maana sasisho likishindwa kuingia, Windows huacha namba. Huanza na 0x, kisha hufuata mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Watu huifunga wakaendelea na shughuli zao, ilhali namba ile ndiyo inayoeleza kilichotokea. 0x80070070 maana yake diski imejaa: hamisha video, futa mafaili ya muda, jaribu tena. 0x800f081f inasema kuna mafaili ya mfumo yaliyohitajika na hayakupatikana. Hapo unafungua dirisha la amri (Command Prompt) kwa ruhusa za msimamizi, unaandika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, unaiacha imalize hata ikikawia, kisha unafuatisha sfc /scannow; zote mbili hukagua na kurekebisha mafaili ya Windows yenyewe. Katika hatua hizo hakuna faili lako hata moja linaloguswa.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa sekondari. Kompyuta yake ya mezani ilikuwa imegoma kusasisha kwa muda mrefu, na dukani aliambiwa ifutwe yote. Ndani yake mlikuwa na alama za wanafunzi na mitihani aliyoitunga mwenyewe, na hakuwa na nakala kokote. Akaja kuniuliza, "Kaka, hivi kweli hakuna njia nyingine?" Namba iliyokuwa ikitokea ilikuwa 0x80072F8F. Nilimwambia, "Mwalimu, hebu tutazame saa kwanza." Pembeni chini kulia, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo lote. Kompyuta inapozungumza na seva za masasisho hukagua vyeti vya usalama, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kuwa bado tuko zamani huviona vyeti hivyo havijaanza kutumika, basi inakataa kuunganisha. Saa yake ilikuwa ikirudi nyuma kwa sababu kile kibetri cha duara kwenye ubao mama, CR2032 cha volti 3, kilikuwa kimekufa. Kila umeme ulipokatika, au mwalimu alipozima swichi ya ukutani, saa ilisahau kila kitu. Tulichomoa waya wa umeme, tukafungua ubavu wa kompyuta, tukabana kile kishikizo cha pembeni, kibetri kikaruka juu, tukaweka kipya. Tarehe ikarekebishwa na masasisho yakaanza kushuka. Betri hizi ni zilezile za baadhi ya rimoti za magari, hazina ugumu kupatikana. Kwa kompyuta za mtumba, ambazo zimekaa stoo kabla ya kufika kwetu, hili ndilo jambo la kwanza ninalolikagua.

Lakini sitawatupia mafundi lawama zote. Wenye mfumo nao wana sehemu yao, na mfano ninaoukumbuka kwa uchungu zaidi ni wa Januari 2024. Tarehe 9 mwezi huo Microsoft ilitoa sasisho lenye namba KB5034441 kwa ajili ya Windows 10. Lilikuja kuziba tundu ambalo lingemwezesha mtu mwenye kompyuta yako mkononi kukwepa ulinzi wa BitLocker, ule unaofunga data za diski. Nia ilikuwa njema. Ila sasisho lilihitaji megabaiti 250 za nafasi tupu ndani ya patisheni ya uokoaji, kile kisehemu cha diski kilichofichwa ambacho Windows hukitumia ikishindwa kuwaka. Kompyuta nyingi hazikuwa na nafasi hiyo humo, hata zile zenye diski kubwa iliyo tupu.

Watu duniani kote wakapata namba 0x80070643. Ukiifuatilia maana yake, inasema tu kwamba usakinishaji umeshindikana. Basi! Haitaji nafasi, haitaji patisheni. Mtu anafuta picha zake akidhani diski imejaa, anawasha upya, anajaribu tena, namba ni ileile. Kosa hapo si la mwenye kompyuta, wala si la fundi.

Suluhisho lililotolewa lilikuwa la kufanya kwa mkono. Uandike reagentc /info ujue patisheni ya uokoaji iko wapi, uizime kwa reagentc /disable, uingie diskpart, programu ya Windows ya kugawa diski, uipunguze patisheni ya Windows kwa megabaiti 250, uifute ile ya uokoaji, uiunde upya ikiwa kubwa zaidi, kisha uiwashe kwa reagentc /enable. Amri ya kufuta ni delete partition override, na neno hilo la mwisho linaiamuru kompyuta ifute hata patisheni iliyolindwa. Ukikosea namba kwenye mstari uliotangulia, ukachagua patisheni siyo, unafuta vitu vyako mwenyewe. Miezi michache baadaye kampuni ikathibitisha kwamba hakutakuwa na marekebisho ya moja kwa moja. Naona haikuwa haki kumpa mhasibu au muuguzi kazi ya namna hiyo. Na kompyuta isiyo na patisheni ya uokoaji kabisa haikulihitaji sasisho lile, mwenyewe angeweza kuipuuza namba ile. Ni wangapi waliambiwa hivyo kabla ya kufutiwa diski?

Baada ya mikasa ya aina hii huja ushauri mwingine ninaoukataa vilevile: "Zima masasisho kabisa, utulie." Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu lililokuwa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo virusi vya WannaCry vikapita palepale, vikafunga mafaili ya watu na mashirika katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili.

Naelewa kwamba kwetu wengi huzima kwa sababu ya bando. Sasisho la mwezi linaweza kula mamia ya megabaiti, na likikatika katikati moyo unauma. Kwa hilo kuna njia nzuri isiyotumika inavyostahili: tovuti ya Microsoft Update Catalog. Unatafuta sasisho kwa namba yake ya KB, unachagua linalolingana na toleo la Windows yako, unalipakua mara moja penye Wi-Fi, unaliweka kwenye flashi. Faili hilohilo linaingia kwenye kompyuta zote za shule au ofisi zenye toleo lilelile. Hakikisha tu chaji imejaa au umeme ni wa uhakika kabla ya kuanza.

Kuna kugoma kumoja ambako hakutibiki kwa amri yoyote. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama ndani ya kompyuta, na prosesa iliyomo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel kwa kiasi kikubwa huanzia kizazi cha 8. Kompyuta ya zamani kuliko hapo haina hitilafu, haikubaliki tu, na kuifuta hakutaibadilisha. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu binafsi upo mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, lakini lazima ujiandikishe, na hilo hufanyika kwenye ukurasa wa Windows Update, ndani ya mipangilio ya kompyuta.

Kwa mafundi nina ombi moja. Mteja akileta kompyuta iliyogoma, muandikieni kwenye risiti namba ya kosa na namba ya KB kabla hamjagusa chochote, na muulizeni mafaili yake yako wapi. Akitaka kwenda kuuliza kwingine, aende na karatasi hiyo mkononi.