Bibi Hanijui, Lakini Ukili Anaujua

Mgeni akija Pangani kumjulia hali bibi yangu, akamsalimu, akaketi kidogo na kuaga, huondoka akituona sisi wa nyumbani ni waongo. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hujambo? Watoto hawajambo? Za huko utokako?" Salamu inateremka yote, haikosei hatua hata moja, na sauti ni ileile aliyotupokelea nayo tangu utotoni. Lakini mgeni huyo akikaa robo saa zaidi, ataisikia salamu hiyohiyo ikianza upya, na safari hii yeye si mwanangu tena, ni fundi aliyekuja kuezeka paa. Mimi huniita Mwanaidi. Mwanaidi alikuwa dada yake mkubwa, alifariki kabla mimi sijazaliwa.

Sasa mwekee chane za ukindu mapajani. Hatazami. Macho yanabaki mlangoni, vidole vinaanza: juu ya mbili, chini ya mbili. Chane inayokaribia kuisha anaiunga kabla wewe hujaona kuwa inaisha, na ncha yake anaificha kwa nyuma ili upande wa juu ubaki laini. Nyekundu akiichanganya na kijani, mistari inakutana palepale inapotakiwa kukutana. Muulize anasuka nini, atakutazama kama mtu asiyeelewa swali. Muulize nani alimfundisha, hajui. Mwaka jana mwezi wa Ramadhani alisuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, wa pima sita, mama akaupima mwenyewe kwa mikono, na hapakuwa na kosa.

Hospitali ya kwanza tuliyompeleka walituambia ni uzee tu, tumrudishe nyumbani. Ya pili ndiyo waliotaja demenshia, yaani ubongo kupoteza uwezo wa kukumbuka na kufikiri, na huenda ni ile ya Alzheimer. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu ubongo. Nilidhani ningejibiwa swali moja jepesi: kumbukumbu ya mtu inakaa wapi? Wahenga wetu walijibu kwa lugha. Tukisahau tunasema "imenitoka", kana kwamba neno lilikuwa na miguu. Mtoto wa chuoni akihifadhi sura tunasema ameiweka moyoni. Nilikwenda kwa wanasayansi nikitarajia anwani kamili, mtaa na namba ya nyumba. Hawanayo.

Naandika haya kwa sababu ya sentensi moja. Mjomba wangu, ambaye ndiye anayelipia dawa za bibi na simlaumu kwa lolote, alisema siku moja: "Mama alishaondoka. Tuliye naye ni mwili tu." Alisema mbele yake. Bibi alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini, akatuangalia sote mmoja mmoja. Sijui alichosikia. Nataka kuipinga sentensi ile, na si kwa huruma peke yake. Anayeitamka anadai kujua jambo ambalo mpaka leo hakuna anayelijua.

Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, Marekani, daktari wa upasuaji aitwaye William Scoville alimfungua kichwa kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyekuwa akisumbuliwa na kifafa kikali. Aliondoa nyama ya ubongo ya pande zote mbili, kwa ndani, usawa wa masikio, ikiwemo sehemu kubwa ya kiungo kinachoitwa hipokampasi. Kifafa kilipungua sana. Lakini kuanzia siku ile Molaison hakuweza tena kushika jambo jipya linalompata. Alikula akasahau kuwa amekula. Mtu aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi, alikuwa mgeni. Mambo mengi ya utotoni aliyakumbuka.

Brenda Milner, mtaalamu wa saikolojia aliyetoka Montreal, Kanada, alimpa kazi ya kuchora nyota katikati ya mistari miwili, huku mkono wake akiuona kwenye kioo tu. Jaribu siku moja uone: unataka kwenda kulia, mkono unakwenda kushoto. Molaison aliifanya kazi hiyo siku tatu mfululizo. Kila siku hakukumbuka kuwahi kuiona karatasi ile, na kila siku makosa yalikuwa machache kuliko ya jana. Mkono ulikuwa unajifunza, mwenye mkono hana habari.

Niliisoma habari hiyo nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwa bibi, naye anasuka.

Hapo ndipo wanasayansi walipoelewa kwamba kile tunachokiita kumbukumbu, kwa jina moja, ni vitu kadhaa. Ujuzi wa mkono hutegemea sehemu nyingine za ubongo, zikiwemo zile za chini kabisa katikati na ule ubongo mdogo wa kisogoni. Matukio, nani alikuja jana na nani alifariki lini, huanza kwa kupita kwenye hipokampasi, na eneo hilo ni kati ya yale ambayo Alzheimer huyavamia mapema. Kwa hiyo bibi kujua ukili na kutonijua mimi si muujiza wala si maigizo, ingawa jirani mmoja aliwahi kutuambia anajifanyisha. Molaison alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 82. Mwaka uliofuata ubongo wake ulikatwa San Diego vipande vyembamba 2,401, vikapigwa picha kimoja kimoja. Sasa tunajua vizuri kabisa ni nini kilichoondolewa. Lakini hakuna anayeweza kushika kipande kimojawapo akasema, nyota hii hapa.

Kabla ya Molaison, Karl Lashley, Mmarekani, alikwisha kuhangaika na jambo hilihili zaidi ya miaka 30. Alifundisha panya kupita vichochoro mpaka wakavijua, kisha akakata ubongo hapa, kwa mwingine akakata pale, akitafuta mahali ambapo njia ile imeandikwa. Hakupapata. Panya alisahau kwa kadiri ya ukubwa wa kilichokatwa, si kwa mahali kilipokatwa. Mwaka 1950 alikiri hadharani kwamba utafutaji wake haukufika. Nampenda sana mtu huyu kwa kukiri kule.

Jibu linalokubalika na wengi leo ni kwamba kumbukumbu imo kwenye viungio, pale seli moja ya ubongo inapoipa nyingine habari. Eric Kandel alilionyesha hilo kwa konokono wa baharini asiye na gamba la nje: akifundishwa, viungio vyake huimarika, na somo likirudiwa sana huota vipya. Alipewa Nobel mwaka 2000. Nilipofika hapo nilidhani nimefika. Kumbe viungio hivyo vimejengwa kwa protini, na protini nyingi za ubongo huishi siku au wiki chache tu, zikavunjwa na kuwekwa nyingine. Bibi ana miaka themanini na kitu. Alifundishwa kusuka kabla hajavunja ungo. Ni kama mkeka ambao kila chane imeshachomolewa na kubadilishwa mara nyingi usizoweza kuhesabu, na nakshi ikabaki ileile. Nani ameishika nakshi?

Mtafiti mmoja wa New York, Todd Sacktor, kwa miaka mingi amekuwa akiitaja molekuli iitwayo PKMzeta kuwa ndiyo mshikaji. Mwaka 2013 timu mbili zikatangaza kwamba zimezalisha panya wasio nayo kabisa, na panya hao wanakumbuka vizuri tu. Wengi wakaona hadithi imeishia hapo. Mwaka 2024 Sacktor na wenzake wakarudi na maelezo mapya: molekuli ile hushikana na protini nyingine iitwayo KIBRA kwenye viungio vilivyojifunza, na kinachodumu ni kule kushikana, ya zamani ikichakaa mpya inakaa palepale. Mimi sina uwezo wa kuamua kama yuko sahihi, na wenye uwezo bado wanabishana. Nilipoielewa tu, nilimwona bibi akiunga chane.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa Susumu Tonegawa. Huyu ni Mjapani aliyepata Nobel mwaka 1987 kwa kazi ya kinga ya mwili, kisha akaiacha njia hiyo akaingia kwenye ubongo. Mwaka 2016, katika chuo cha MIT, yeye na Dheeraj Roy na wenzao walichukua panya waliowekewa vinasaba vya Alzheimer, wakiwa hatua za mwanzo. Panya huwekwa kwenye kisanduku, hupigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Panya mzima akirudishwa kesho yake kwenye kisanduku kile huganda kwa hofu. Panya mgonjwa huranda humo kama mahali asipopajua. Amesahau, au ndivyo ambavyo yeyote angesema. Lakini watafiti walikuwa wametia alama zile seli zilizofanya kazi wakati wa shoti, wakaziwekea namna ya kuamshwa kwa mwanga. Wakawasha mwanga. Panya mgonjwa akaganda.

Kumbukumbu ilikuwamo siku zote. Njia ya kuiendea ndiyo iliyokatika.

Sitaki kumdanganya mtu, hasa aliye na mgonjwa nyumbani. Wale ni panya. Mwanga ule huingizwa kwa uzi uliopenyezwa ndani ya kichwa, na seli zenyewe zilikwisha badilishwa vinasaba. Hakuna hospitali itakayomfanyia hivyo mama yako. Tena ugonjwa ukisonga mbele seli zenyewe hufa, na kilichokuwa ndani ya seli zilizokufa huenda kimekwenda nazo kweli. Simwambii mjomba kwamba bibi atarudi. Ninachomwambia ni kwamba anapomsemesha bibi akakosa jibu, hajui kama nyumba haina mtu au ni mlango uliokwama, na kwamba hata waliosomea milango hiyo maisha yao yote hawawezi kumwambia.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi na wanaouguza wazee wanalijua, na madaktari kwa muda mrefu hawakulipa uzito. Mzee ambaye kwa miaka hakumtambua hata mwanawe, siku au saa chache kabla ya kufariki hufumbua macho, akawaita watu kwa majina, akauliza habari za shamba, akacheka. Si wote, wala si wengi. Mwaka 2009 Mjerumani Michael Nahm aliliundia jambo hilo jina, na Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani imeshatoa fedha lichunguzwe. Ubongo wa mgonjwa wa namna hiyo umekwisha sinyaa. Kama kumbukumbu zake zote zimekufa, je, saa ile zimetoka wapi? Wapo wanaosema ni kemikali zinazofurika mwili unapokaribia kuzimika. Huenda. Lakini kemikali haiwezi kumtungia mtu jina la mwanawe kama jina hilo halimo.

Haya si maswali ya maabara peke yake. Kilifi, na kwa wenzetu wa Usukumani, wako wazee waliouawa kwa kuitwa wachawi. Kikongwe anayetoka usiku na kukutwa uwanjani kwa mtu, asiyeweza kueleza alifuata nini, ni rahisi mno kubebeshwa jina hilo, hasa kama kuna shamba linalotamaniwa. Bibi yangu amekwisha kutoka usiku mara mbili. Mara ya pili alikutwa karibu na kivuko, anamngoja Mwanaidi avuke kutoka Bweni. Kijana aliyemrudisha alimshika mkono, akamwambia: "Twende nyumbani bibi, Mwanaidi ameshapita njia nyingine." Mpaka leo namwombea kijana yule.

Tumebadili mambo kidogo nyumbani. Nimeomba, na mama ameniunga mkono, kwamba habari za bibi tusizizungumze juu ya kichwa chake kama vile yeye ni kabati. Anayetaka kusema kuhusu ugonjwa wake atoke nje. Anayeingia ajitaje jina, kila mara, bila kumtega kwa "unanijua mimi nani?" Swali lile ni ukatili, hata likiulizwa kwa kicheko. Nimemwona anavyolisikia: mabega yanapanda, vidole vinasimama. Mjomba bado hajakubaliana nami, ila siku hizi akifika anasema, "Mama, ni mimi mwanao wa tatu," na bibi anamwitikia vizuri hata kama baadaye anamwita fundi.

Jumamosi iliyopita nilikaa naye kwenye jamvi, nikachukua chane nami nisuke. Sikuwahi kuwa hodari. Nilipokuwa na miaka tisa alinifundisha palepale barazani, nikawa naruka, ananifumulia, naruka tena. Safari hii nilisuka kama shubiri mbili hivi huku namwelezea mambo ya kazini, naye anatazama mlangoni. Mara mkono wake ukaja, ukauchukua ukili wangu mapajani. Vidole vikapita juu yake, vikarudi nyuma, vikasimama. Akafumua chane tatu.

"Umeruka hapa," akasema.

Akanirudishia, akasubiri niendelee.