Ndege ndogo Lubumbashi: tukodishe au tushirikiane?

Mwenye Cessna 172, ndege ya injini moja, pale Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, analipa hata mwezi ambao ndege haikuruka: bima, maegesho, ukaguzi wa mwaka. Ushauri anaopewa ni uleule: ikodishe, ijilipie yenyewe.

Hoja hiyo ina nguvu. Tuseme gharama zisizokwepeka ni dola 12,000 kwa mwaka. Ukiruka saa 50, kila saa inabeba dola 240 kabla hujatia mafuta. Ukiruka saa 150, inabeba 80. Injini nayo inataka kazi. Lycoming, watengenezaji wa injini hizo, wanapendekeza injini nyingi za aina hii zifumuliwe na kutengenezwa upya kila saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Anayeruka saa 50 kwa mwaka hufikia ukomo wa miaka akiwa ametumia saa 600 tu. Saa 1,400 alizozinunua zimepotea, na huku unyevu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Machi, unatafuna vyuma vya injini iliyolala.

Lakini tumkodishie nani? Marekani mwenye ndege huikabidhi kwa shule ya urubani, na wanafunzi wapo. Hapa Lubumbashi anayekuja kwako anataka kiti cha kwenda Kolwezi au Kalemie. Kumbeba kwa nauli ni biashara ya usafirishaji: inadai kibali cha mamlaka ya anga, rubani mwenye leseni ya biashara na bima nyingine kabisa. Ukianguka na abiria wa kulipa huku bima yako ni ya matumizi binafsi, usitegemee fidia.

Kinachonitia hofu zaidi ni uzito. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Joto la Oktoba likipanda, hewa inakuwa nyepesi, injini inapoteza nguvu na ndege inakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka. Cessna 172 ina viti vinne, lakini ikijazwa mafuta mara nyingi haiwezi kubeba watu wazima wanne na mizigo yao. Na katika hesabu ya nauli, faida yote iko kwa huyo wa nne. Rubani anayedaiwa atamwacha chini kweli?

Mimi naona ushirika wa watu watatu wanaojua kuruka ni bora. Saa 50 kila mmoja kwa miaka 12 ni saa 1,800, karibu uhai wote wa injini. Ikiwa matengenezo yatagharimu dola 40,000, kila saa iweke akiba ya dola 22, katika akaunti ambayo hakuna anayeigusa peke yake.

Ushirika nao una ugomvi wake: wawili wanaitaka Jumamosi ileile, mmoja anachelewesha mchango. Ndiyo maana mkataba uandikwe kabla ya kununua, useme nani analipa propela ikigonga chini na anayetaka kutoka atauza fungu lake kwa bei gani. Na ambaye safari zake hazifiki saa 30 kwa mwaka, akate tiketi tu.