Mifuko Mitatu ya Simiti

Shangazi yangu ana duka la hadiwea Kayole, na kwake yeye mtu yeyote anayefungua laptopu bila kuuliza ni injinia. Mimi nilikuwa na wiki tatu za kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Tukakutana kwenye harusi ya binamu, nikaropoka kwamba naweza kumtengenezea programu ya duka. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulikuwa umelainishwa na supu.

"Itafanya nini?"

"Unabonyeza, inapiga hesabu, inatoa risiti."

"Na daftari langu?"

"Daftari, Shangazi, litapumzika."

Hilo daftari ni kaunta buku nene, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na limemlipia watoto watatu karo. Akalitazama kama mtu anayeambiwa mumewe astaafu mapema.

Nikaiunda kwa Tkinter, zana ya kutengenezea madirisha na vitufe, kwa kuwa inakuja pamoja na Python na haikunitoa hata bob moja. Ijumaa jioni ililiwa yote na kompyuta ya duka: ilikuwa ya Windows 7, na Python kuanzia 3.9 haikubali kukaa humo. Nikarudi kwenye 3.8, nikalala saa nane usiku nikijiona shujaa.

Jumamosi, siku ya watu wa mjengo, nikaiwasha saa moja asubuhi mbele ya Shangazi, binti wa kaunta, na mwenye mkokoteni aliyekuja kupakia mabati. Dirisha halijafunguka vizuri, kimashine cha risiti kikakohoa: krrrr. Karatasi ikatoka. JUMLA: 0. ASANTE, KARIBU TENA.

"Imeuza nini?" Shangazi akauliza.

"Bado."

"Sasa inamshukuru nani?"

Nikafunga, nikafungua. Krrrr. Nikabonyeza kitufe cha UZA: kimya. Yaani isipoombwa inachapa, ikiombwa inanuna. Mwenye mkokoteni alirudi nyuma hatua mbili.

Ilikuwa mabano tu. Kwenye mstari wa kitufe niliandika command=uza() mahali pa command=uza. Ukiweka mabano, Python inaifanya kazi hiyo ya uza papo hapo, kisha kitufe kinakabidhiwa matokeo yake, ambayo ni hewa. Bila mabano, kitufe kinapewa jina la kazi tu, kiiite kikibonyezwa. Ni kama kumpa mtu wa boda namba ya mteja ampigie akifika, badala ya wewe kumpigia mteja saa hiyo hiyo, kisha umkabidhi wa boda simu iliyokwisha kukatwa. Nikafuta alama mbili, nikafuta na jasho.

Mteja wa kwanza alitaka kilo moja ya misumari ya inchi tatu. Shangazi akabonyeza UZA. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Halafu akabonyeza kama anayegonga lango la jirani anayejua yuko ndani. Baada ya kitambo kimashine kikatoa risiti. Kikatulia, kikatoa nyingine. Zilitoka saba, moja moja, kwa utaratibu wa maandamano ya kanisa, na stoo ikapungukiwa na kilo saba.

Hapo shida ilikuwa adabu. Nilitaka neno ASANTE likae kwenye kioo sekunde tatu kabla ya kuchapa, nikaiambia programu ilale kwa time.sleep(3). Ikalala kwelikweli. Programu ya dirisha ikilala hivyo haichori wala haisikii, kwa hiyo ile ASANTE haikuonekana hata mara moja, na mibonyezo yote ya Shangazi ilikuwa imepanga foleni mlangoni ikingoja mwenye nyumba aamke. Dawa yake ni after(3000, futa_asante): programu inaendelea na shughuli zake, zikifika milisekunde 3,000 inakumbuka kufuta. Nikaandika haraka haraka after(3000, futa_asante()), na mabano yale yale. Ikafuta kabla sijaona. Mtu anaweza kung'atwa na nyoka yule yule mara mbili kabla ya saa tatu asubuhi.

Akaja kijana wa nusu kilo. Binti wa kaunta akaandika 0.5, akabonyeza, kimya. Nilikuwa nimeficha lile dirisha jeusi la makosa ili programu ionekane ya kitaalamu, kwa hiyo malalamiko ya Python yalikuwa yanasemewa gizani. Nilijua kosa: int, amri ya kugeuza maandishi kuwa namba nzima, haipokei nukta. Lakini foleni ilikuwa imefika barabarani.

"Kompyuta yako haitaki watu wa nusu kilo," Shangazi akasema, akampimia kijana kwa mkono na kuandika kwenye daftari. Niliona akiifungua ile tyubu. Aliifungua kwa raha.

Ndipo akaingia fundi mmoja wa simiti. Mifuko mitatu. Bei 750, idadi 3, UZA. Risiti moja tu, bila kuchelewa. Nikaanza kutabasamu.

Binti akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "Mbona hapa kwa jumla imeandika namba ya simu?"

JUMLA: 750750750.

Shangazi akavaa miwani. Akahesabu kwa kidole kutoka nyuma, tatu, tatu, tatu. "Milioni mia saba na hamsini," akasema polepole, "laki saba, elfu hamsini, mia saba na hamsini."

Fundi hakukasirika. Fundi wa Nairobi hajawahi kusikia bei isiyoongeleka. "Mama, hakuna ya kupunguza?"

Kisha akatoa simu, akafungua kikokotoo. "M-Pesa kwa mara moja mwisho ni 250,000. Kwa hivyo nitume mara..." akabonyeza, "mara 3,003. Na inabaki 750." Akainua macho. "Inabaki mfuko mmoja." Akarudi kubonyeza. "Na kwa siku mwisho ni 500,000. Siku 1,502. Zaidi ya miaka minne! Mama, hiyo simiti itakuwa imeganda."

Duka zima likacheka. Hata mwenye mkokoteni alisogea karibu.

Mimi nilikuwa nyuma ya kompyuta, nimejikunja kama soksi. Kisanduku cha kuandikia cha Tkinter hakitoi namba, kinatoa maandishi. Wiki iliyopita Python ilinikatalia kwa hasira kwamba maandishi hayazidishwi kwa maandishi. Nikaifunga idadi kwa int, bei nikaiacha, wekundu ukaondoka, nikaenda kunywa chai. Sasa, maandishi yakizidishwa kwa namba Python hailalamiki, inayarudia tu: 750 mara tatu ni 750 ikifuatwa na 750 ikifuatwa na 750. Na mimi katika majaribio yangu yote nilikuwa nikiuza kitu kimoja kimoja, na 750 ikirudiwa mara moja ni 750 safi kabisa.

Nilipoinua kichwa, Shangazi alikuwa amemaliza kuandika. "2,250," akasema. Hata kalamu hakuwa ameiinua. Fundi akalipa kwa M-Pesa, mara moja, mkokoteni ukapakiwa.

"Na iliyobaki, mniandikie deni," fundi akasema akitoka.

Jioni nilibaki. Nikaweka float, ndugu yake int anayekubali nukta, kwa bei na kwa idadi, nikaongeza kidirisha cha kusema kosa badala ya kununa, nikauza kila kitu dukani kwa tatu tatu na kwa nusu nusu mpaka binti akazima taa. Jumamosi iliyofuata yule fundi akarudi kuchukua mifuko miwili. Binti akabonyeza, risiti ikatoka: JUMLA: 1500.0. Nikashusha pumzi.

Shangazi hakuigusa. Alikuwa ameshafungua tyubu, anapekua kaunta buku kwa ulimi na kidole, hadi kwenye ukurasa wenye wino mwekundu: *Fundi wa simiti, 750,748,500*.

"Deni kwanza, fundi."